Udalali wa simu: Ni bidhaa ipi inafaa kupigiwa debe kwa ujira?

Katika stendi ya mabasi ya Kasulu, kama ilivyo katika stendi nyingine za nchi hii, yupo kijana asiyemiliki basi, asiyeliendesha wala kukata tiketi, naye ndiye anayesikika kuliko wote. Huyo ni mpiga debe. Abiria akishapanda, kondakta humtupia chochote mkononi, naye hukimbilia basi jingine. Watu wengi humdharau, lakini kazi yake ni ya kale kuliko mabasi, na vitabu vya fiqhi vimeizungumzia kwa kirefu chini ya jina la samsara, yaani udalali.

Siku hizi mpiga debe amehamia kwenye simu. Mwenye duka Kariakoo, au kampuni iliyo ng'ambo, humpa kijana wa Kibondo picha za bidhaa pamoja na kiungo chenye alama yake. Kijana huzisambaza kwa jamaa na marafiki. Mtu akinunua kupitia kiungo kile, kijana hupewa fungu lake. Asiponunua, hapati kitu, hata kama amekesha wiki nzima akitangaza. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza utaratibu huu mwaka 1996, kwa kuwalipa watu waliokuwa wakielekeza wasomaji kwenye vitabu vyake, na tangu hapo umeenea dunia nzima.

Ndugu msomaji, vijana wengi wa Kiislamu huuliza kama kazi hii ni halali. Jibu la swali hilo si gumu, na tutalitaja. Lakini liko swali jingine ambalo ni nadra kuulizwa, na humo ndimo penye uzito wote: kati ya bidhaa elfu zilizo mbele yake, dalali huyu achague ipi, na kwa kipimo gani?

Tuanze na vipimo vya wenyewe wenye kazi. Cha kwanza wanachotazama ni fungu. Bidhaa za kushikika, kama vyombo na nguo, hutoa fungu dogo, mara nyingi chini ya asilimia 10, kwa sababu mwenye duka ana gharama za kununua, kuhifadhi na kusafirisha. Bidhaa za kupakuliwa kwenye simu, kama masomo na vitabu vya kielektroniki, hutoa hata asilimia 50 au 75, kwa kuwa kunakili kitabu mara ya elfu hakumgharimu mwenyewe kitu. Cha pili ni bei: asilimia 5 ya jokofu ni nyingi kuliko asilimia 40 ya kitabu cha shilingi elfu tatu. Cha tatu, na ndicho wazoefu wanachokitanguliza, ni wepesi wa kuuzika, yaani katika kila watu mia waliobonyeza kiungo, wangapi walitoa pesa. Kisha hutazama ni wangapi waliorudisha bidhaa, maana ikirudishwa na fungu hufutwa. Hutazama pia muda ambao alama ya kiungo hudumu. Kwa Amazon ni saa 24 tu, kwa hiyo mteja aliyebonyeza leo akanunua keshokutwa huenda asihesabiwe kuwa ni wako. Na mwisho huangalia kama mwenye mali ni mtu wa kutegemewa. Aprili 2020 Amazon ilipunguza mafungu yake kwa bidhaa nyingi, na la samani likashuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Novemba 2019 kampuni ya Jumia ilifunga shughuli zake hapa Tanzania. Aliyekuwa amejenga riziki yake yote juu ya mlango wa mwenzake aliukuta umefungwa.

Hayo ni maarifa ya haki, wala hatuyadharau. Tena si mageni katika ardhi hii. Misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 ilibeba shanga na nguo za merikani na kaniki, na aliyekosea kuchagua alikwama njiani. Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871, ilimbidi ajifunze kwanza kwamba Unyamwezi walitaka shanga nyekundu za samisami na kuzikataa nyingine, kwamba zile nyeusi zilizopokewa Ugogo hazikuwa na thamani kwingineko, na kwamba sungomaji, zilizopendwa Ujiji, hazikuchukuliwa mahali pengine. Shanga ni shanga kwa asiyejua, na mzigo mzima ungeweza kuwa takataka kwa kukosea rangi. Kwa hiyo kumjua mnunuzi kabla ya kuchagua mali ni elimu ambayo wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa nayo kabla ya kuwepo intaneti.

Ama kuhusu hukumu ya kazi yenyewe, Qays bin Abi Gharaza (r.a.) amesimulia kwamba wao walikuwa wakiitwa masimsari, yaani madalali, na Mtume (s.a.w.) alipowapitia sokoni aliwaita kwa jina lililo bora kuliko hilo: wafanyabiashara. Kisha akawatanabahisha kuwa biashara huingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Imam Bukhari naye ameweka mlango juu ya ujira wa udalali, akataja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Ukiitafakari hadithi ya Qays utaona kuwa kazi haikuharamishwa, wala haikuachwa bila onyo, na onyo limegusa ulimi. Hapo ndipo dalali anapopatia riziki yake, na ndipo anapoangamia.

Mafakihi wameutazama mkataba huu kwa sura mbili. Ukiwa umepangiwa muda au kazi maalumu, ni ijara. Ukiwa ni wa kulipwa pale tu kazi inapotimia, ni juala, ambayo asili yake ni ile ahadi iliyo katika Sura Yusuf, pale aliyetangaza kupotea kwa chombo cha mfalme alipoahidi shehena ya ngamia kwa atakayekileta. Kiungo cha simu ni juala bila shaka: ukileta mnunuzi unalipwa, usipomleta hulipwi. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu, kazi ya juala inaweza kutojulikana kiasi chake, lakini malipo ni lazima yajulikane. Kutokana na hapo ikazuka khitilafu juu ya fungu la asilimia. Ibn Abbas (r.a.) aliona hakuna ubaya mtu kumwambia mwenzake amuuzie nguo, na kitakachozidi kiasi fulani kiwe chake, Imam Ahmad akaifuata kauli hiyo, na wengine wakaikataa kwa kuwa ziada haijulikani. Wanavyuoni wa Kihanafi waliokuja baadaye waliruhusu ujira wa dalali kwa kuwa watu wanauhitaji. Kwa maoni yetu, pale bei ya bidhaa inapokuwa imeandikwa wazi, khitilafu hii hupungua sana uzito: asilimia 10 ya taa ya shilingi 40,000 ni shilingi 4,000, na hapo hakuna lisilojulikana. Hatari hubaki kwa yule anayeambiwa atapata "fungu nono" bila kuambiwa kiasi, au ambaye fungu lake linaweza kubadilishwa baada ya kazi kwisha. Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Sasa turudi kwenye uchaguzi. Vipimo tulivyovitaja juu vyote vinamtazama dalali: atapata kiasi gani, upesi kiasi gani, na atalipwa kweli au la. Mnunuzi ametajwa mara moja tu, anaporudisha bidhaa, na ametajwa kama hasara. Fiqhi inaupindua mpangilio huu. Inaanza na kitu chenyewe: je, ni halali, kina manufaa, kipo kweli, kinaweza kukabidhiwa, na sifa zake zinajulikana kwa anayezitaja? Baada ya hayo ndipo fungu linapoingia.

Neno lenyewe linatusaidia. Dalali ni Kiarabu, kutokana na kuonyesha njia. Katika mzizi huo huo imekuja hadithi aliyoipokea Muslim kwamba mwenye kuelekeza kwenye kheri hupata mfano wa ujira wa aliyeifanya. Basi na anayeelekeza kwenye shari asijidhanie kuwa hana fungu katika shari hiyo.

Uzito wa jambo hili utauona vizuri ukiitazama Nduta. Kambi ya Nduta, iliyo wilaya ya Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Karibu yake likawepo soko la pamoja, ambapo wenyeji wa vijiji vya jirani walileta maharage, ndizi na muhogo, na wakimbizi wakaleta walichokuwa nacho. Kuanzia mwaka 2018 masharti yalikazwa na biashara ile ikabanwa. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini atakavyo. Chakula chake kilikuwa cha mgao, na shilingi aliyoipata aliipata kwa tabu. Mtu wa namna hii akinunua taa ya sola iliyotoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja, kisha ikazimika baada ya siku tatu, atairudisha wapi? Hana nauli, hana kibali, na pengine hana hata risiti. Kwa kipimo cha dalali wa kawaida huyu ndiye mnunuzi bora: marejesho yake ni sifuri! Kwa kipimo cha fiqhi ndiye mnunuzi ambaye haki yake ni nzito kuliko zote, kwa sababu khiyari ya kurudisha kitu chenye ila, ambayo sheria imempa, hali yake imemnyang'anya. Dhamana pekee aliyobakiwa nayo ni neno la aliyemwonyesha.

Na hili si la wakimbizi peke yao. Mkulima wa Mabamba, mpakani, au wa milimani huko Kasulu, hali yake haiko mbali sana na hiyo. Kwa hiyo asilimia ndogo ya marejesho, ambayo madalali huisoma kuwa ni dalili ya bidhaa nzuri, kwetu huku inaweza kuwa dalili ya barabara mbaya tu.

Lipo jambo jingine ambalo fiqhi imelipima, nalo ni kama kuwepo kwa dalali kuna faida yoyote. Mtume (s.a.w.) amekataza mkazi wa mji kumuuzia mtu wa shamba aliyeleta mali yake. Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa maana yake akasema asiwe dalali wake. Mafakihi wa Kishafi'i wameweka masharti ya katazo hili: kwamba bidhaa inahitajiwa na watu, kwamba mgeni alikusudia kuiuza kwa bei ya siku ile, na mkazi akamzuia amwachie yeye aiuze kidogo kidogo kwa bei ya juu. Tuyatumie katika soko la Nduta la miaka ile. Mkulima amekuja na maharage yake, na mnunuzi amesimama mita kumi kutoka kwake. Anayejiingiza hapo kati hakuonyesha njia yoyote. Ameiziba, kisha akadai ushuru wa kuizibua. Lakini taa ya sola iliyo Kariakoo, mtu wa Nduta haioni wala hajui kama ipo. Kibondo kwa miaka mingi ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuupata hata huo. Aliyemjulisha mwenzake habari ya taa njema, inayowaka usiku kucha na kuchaji simu, amemfanyia kazi ya kweli na anastahiki ujira wake. Basi bidhaa inayofaa kutangazwa ni ile ambayo, bila ya wewe, mnunuzi asingeifikia au asingeijua vizuri.

Kuijua vizuri, tumesema, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Dalali wa zamani aliishika nguo mkononi na kuikunjua mbele ya watu. Dalali wa simu huuza picha. Hajaigusa bidhaa, naye huapa kuwa ni imara! Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima. Watu waliamka wakiwa na vipande vya plastiki mikononi. Fungu la aliyewaelekeza kuzinunua lilikuwa limekwishaliwa zamani. Je, analo deni? Kauli mashuhuri ni kwamba dalali ni mtu wa amana, halipi hasara ya kasoro asiyoijua, na madai huelekezwa kwa muuzaji. Ama aliyeijua kasoro na akaificha, au aliyetoa sifa asizokuwa na elimu nazo akamhadaa mtu, huyo ametoka katika amana. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono wake ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Mwenye lundo lile hakusema uongo wowote, alinyamaza tu. Kwa hiyo dalali asiyeweza kuingiza mkono ndani ya lundo, basi walau aseme kwamba hakuingiza.

Katika mlango huo huo inaingia najshi, yaani kuzidisha bei au sifa pasipo nia ya kununua ili kumchochea mwingine. Ushuhuda wa kubuni wa "mteja aliyeridhika", na hesabu za uongo za waliokwisha kununua, ni najshi ile ile iliyovaa nguo mpya.

Turudi kwenye yale mafungu ya asilimia 60 au 75, maana ndiyo yanayowavuta zaidi vijana. Baadhi ya mafakihi wa Kimaliki na Kihanbali walikadiria kuwa kumpunja mtu kwa theluthi ya thamani ni kupunja kukubwa. Hatusemi kwamba kila fungu linalozidi theluthi ni haramu, kwani kitu cha kunakiliwa hakina bei ya soko kama mahindi. Lakini mtu mwenye akili ajiulize: ikiwa kati ya shilingi 10,000 anazotoa mnunuzi, 7,000 ni za aliyemshawishi, basi huyu ananunua elimu au ananunua ushawishi? Mara nyingi fungu likiwa kubwa mno ni kwa sababu bidhaa haiwezi kujiuza yenyewe. Mpiga debe wa basi zuri hana haja ya kupaza sauti sana.

Mbaya zaidi ni pale ambapo bidhaa haipo kabisa, na fungu linatokana na kuingiza watu. Wa Tanzania tumeliona hili mara kadhaa. DECI ilipofungwa na serikali mwaka 2009 watu walikuwa wamekwisha "kupanda mbegu" zao wakisubiri mavuno kutoka kwa watakaofuata. Mapema mwaka 2025 ikaja ile iliyojiita LBL, ambapo watu walitoa pesa ili walipwe kwa kutazama matangazo, mpaka polisi walipowakamata wahusika. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171A, imeiita biashara ya namna hii upatu na kuifanya kosa. Kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudi Arabia ilitoa fatwa mwaka 1425 Hijria (2004) ya kuharamisha mitandao ya masoko ya ngazi, ikieleza kuwa makusudio ni fungu na wala si bidhaa, kwa hiyo ni pesa kwa pesa pamoja na riba na gharar ndani yake. Kigezo hicho ni chepesi kukitumia: ondoa fungu, kisha uulize ni nani atakayeinunua bidhaa ile. Kama hakuna hata mmoja, basi hakukuwa na bidhaa.

Zipo pia bidhaa zilizopo na zinazouzika sana, lakini mlango wake umefungwa. Mikopo ya simu ya riba, ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, hutafuta madalali kila mahali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuyafungia majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Lakini hata yenye leseni, riba ni riba. Ama kamari za mpira, mikataba yake mingi haimlipi dalali mara moja tu, bali humpa fungu la kudumu kutokana na kile ambacho mteja aliyemleta anakipoteza. Fikiri vizuri, ndugu yangu. Umemleta mtoto wa jirani yako, na riziki yako ya kila mwezi ni kiasi alichofilisika. Akishinda, wewe unakosa. Wataalamu wa masoko huliita pato hili kuwa ni bora kuliko yote kwa kuwa linajirudia.

Limebaki suala moja linaloulizwa sana: je, dalali ni lazima amwambie mnunuzi kwamba analipwa? Katika soko la wazi halikuwa suala, kwani kila mtu alimjua dalali kuwa ni dalali, na mpiga debe wa Kasulu hakuna anayemdhania kuwa ni abiria. Simu imeliondoa hilo. Ujumbe unafika kwa mama mdogo au kwa jirani ukiwa na sura ya nasaha ya ndugu, na nasaha katika dini ni amana. Wengine wamesema si lazima, maadamu bei haikuzidishwa kwa ajili ya fungu. Tunavyoona sisi, pale mnunuzi anapoyachukua maneno yako kuwa ni ushauri tu, na lau angejua kuwa unalipwa angeuliza maswali zaidi kabla ya kutoa pesa, kunyamaza ni sehemu ya ule unyevu ulioachwa chini ya lundo. Na maneno ya kuliondoa hayazidi mstari mmoja: "Mama, ukinunua hii mimi napata shilingi elfu nne."